Wakili Anajibu: Nataka kutetea walioumia kichwa

Wakili, shikamoo. Niko mwaka wa nne nasomea sheria hapa Nairobi. Kakangu aligongwa na matatu Jogoo Road, akalala hospitali wiki tatu, hakuna mfupa ulivunjika na skani ikasema ako sawa. Amerudi nyumbani lakini sio yule. Anasahau, anawaka kwa kitu kidogo, kazi ya stima amefutwa mara mbili. Wakili wetu alimaliza kesi kama vile ni kichwa tu kilikuwa kinauma. Nikimaliza shule nataka nifanye hizi kesi peke yake, lakini wenzangu wanasema nitachoka na sitapata pesa. Ni kweli? Nianzie wapi?
– Msomaji, Umoja

Mdogo wangu, marahaba, na pole sana kwa kakako. Ulivyoandika "sio yule", hapo ndio kesi yote iko, na ndio kitu mawakili wengi wanapita bila kuona kwa sababu wanaangalia skani.

Acha nikuambie kesi moja. Nilikuwa na mteja fundi wa nguo Gikomba, aligongwa akivuka barabara. Skani safi. Daktari wa upande wa bima alikaa naye kama dakika ishirini akaandika amepona kabisa. Siku ya kesi akaja amepiga pasi shati, akasalimia watu vizuri, akajibu maswali, na mimi nikaona kabisa hakimu anamuona mtu mzima mwenye afya. Nilikuwa nimejaza faili na ripoti za madaktari na karibu nisimwite mama aliyekuwa anashona cherehani ya pembeni yake, nilidhani hana la kuongeza. Huyo mama akasimama akasema, huyu zamani alikuwa anakata yunifomu za shule kwa macho tu, hapimi mara mbili, sahii anakata mikono miwili yote ya kushoto, halafu anakaa chini analia. Akatoa na daftari la oda, kurasa za kabla ya ajali na za baada ya ajali, hadi mwandiko umebadilika. Hakimu aliacha kuandika akaanza kulipekua lile daftari mwenyewe.

Tangu siku hiyo mimi huanza na majirani. Daktari naye lazima, na sio yeyote tu, tafuta wa neva na mwanasaikolojia anayepima kumbukumbu na umakini, kwa sababu kichwa kikitikiswa kwa nguvu nyuzi ndani ya ubongo zinavutika na zingine zinakatika bila damu kuonekana, na skani ya kawaida ya CT inaweza isionyeshe chochote. Utakutana pia na kipimo cha Glasgow, kinapima fahamu ya mtu kutoka 3 hadi 15, wanaangalia mtu anafungua macho vipi, anaongea vipi, anasonga vipi. Akipata 13 kwenda juu wanaandika jeraha dogo na wakili wa bima atashikilia hilo neno "dogo" hadi mwisho. Wewe mkumbushe kwamba hiyo namba inaeleza hali ya mtu wakati alipimwa, haisemi kama mwaka ujao ataweza kushikilia kazi. Halafu usome habari ya Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli kule Vermont, Marekani, 1848 chuma kilimpitia kichwani na akaishi, lakini watu waliomjua wakasema amekuwa mtu mwingine. Waliomjua ndio walisema, unaona.

Njia yenyewe unaijua: digrii, Kenya School of Law pale Karen, miezi sita ya mafunzo chini ya wakili, uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Ushauri wangu ambao wengi hawaupendi, ukipata nafasi fanya kazi kwanza ofisi inayotetea kampuni za bima. Mimi nilikaa huko miaka minne na ndio nikajua ripoti inasomwaje na wapi inapasuliwa.

Pesa ipo lakini inachelewa, na usimwahidi mtu utalipwa tu mkishinda, Sheria ya Mawakili kifungu cha 46 haikubali makubaliano ya hivyo. Kesi ya ajali kawaida una miaka 3 kuifungua, na ukishtaki serikali ni miezi 12 tu, na bima ipewe notisi ya kesi kabla ya kuifungua au ndani ya siku chache tu baada ya kuifungua, nimeona familia ikishinda halafu bima inakataa kulipa kwa sababu ya hiyo notisi. Na bima ya gari kisheria inabanwa hadi milioni 3 kwa mtu mmoja, sasa mtu wa miaka 25 anayehitaji kuangaliwa maisha yake yote milioni 3 ni nini, kinachozidi hapo utamdai mwenye gari, ndio maana lazima umjue yeye na mali yake mapema.

Kuchoka utachoka. Mteja atasahau miadi, atakupigia saa nane usiku akikutukana, kesho hakumbuki. Usimkemee. Mwandikie kila kitu kwa karatasi, ongea na mke wake au mamake, na kama hawezi kabisa kusimamia mambo yake, kesi ifunguliwe na mtu wa familia kwa niaba yake.

*

Wakili, kijana wangu aligongwa na boda wiki jana, ametoka hospitali jana. Leo kuna mtu amekuja nyumbani na fomu, anasema nisaini tutalipwa haraka. Nifanye nini?
– Mama wa Kayole

Mama, usisaini. Wakili haruhusiwi kutuma watu wa kumtafutia kazi majumbani, na ukitaka kujua kama mtu ni wakili kweli tafuta jina lake kwa tovuti ya Chama cha Mawakili. Nenda stesheni ya polisi uchukue namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na abstrakti, yaani ripoti yao fupi ya ajali, fomu ya P3 ya majeraha ijazwe, namba ya hiyo pikipiki itafutwe NTSA, wale wanaosajili magari, tujue mwenye pikipiki ni nani. Risiti zote, hata ya dawa ya shilingi hamsini, weka kwa bahasha moja, kotini pesa uliyotumia bila risiti ni ngumu kuipata. Na nunua daftari, kila jioni andika amelala vipi, amesahau nini, amekasirikia nani.

Lakini kijana akianza kutapika, au kichwa kizidi kumuuma, au asinzie hadi ushindwe kumuamsha, mrudishe hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi.