Simu Yasema Sikio Zima, Usaha Watoka

SWALI: Mwanangu wa miaka minne sikio lamtoka usaha, wiki ya tatu sasa, na lanuka. Kwenye duka la dawa mhudumu alimtia kamera ndogo ya simu, programu ya akili mnemba ikaandika: "Sikio zima, asilimia 92." Tukapewa matone. Picha imebaki kwenye simu yake. Niamini?
Mama, Likoni

JIBU: Mama, usaha uliopita wiki mbili ni dalili ya ugonjwa sugu wa sikio la kati, simu iseme isemavyo. Vuka feri umpeleke kliniki ya masikio, pua na koo wiki hii hii. Akivimba nyuma ya sikio, uso ukipinda au akishikwa na kizunguzungu, mpeleke saa hiyo hiyo.

Ile 92 yaonyesha tu jinsi picha ilivyofanana na zile ambazo programu ilifunzwa. Harufu haikuisikia, wala haijui habari ya wiki tatu. Usaha ukifunika kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, kamera huona mfereji wa sikio tu, na programu isiyofunzwa kujibu "sioni" itachagua jibu lolote ililo nalo. Harufu ndiyo inayotutia hofu zaidi: huenda ni kolesteatoma, ngozi inayoota ndani ya sikio la kati na kula vijifupa vya kusikia. Mara nyingi huanzia juu kabisa ya kiwambo, pembe ambayo mkono usiozoea huikosa. Daktari hufyonza usaha kwanza, ndipo atazame. Tena programu iliyofunzwa kwa picha za kwingine, kwa kamera nyingine, huweza kukosea zaidi hapa kwetu. Muulize mwenye duka ilijaribiwa wapi, kwa watoto gani.

Soma jina la matone. Kama ni jentamaisini, acha kuyatia hadi aonwe. Kiwambo kikiwa kimetoboka, yaweza kudhuru usikivu. Kwa sasa sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, utie sikioni, utoe ukilowa, uweke mwingine mpaka utoke mkavu, mara tatu kwa siku. Maji yasiingie.

Kuhusu picha, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na ya mtoto yataka ridhaa ya mzazi. Una haki ya kuuliza imepelekwa wapi na kudai ifutwe. Uamuzi wa matone nao ni wa aliyekupa, hawezi kuusukumia simu. Kabla haijafutwa omba nakala, umwonyeshe daktari.