Muulize Fundi: Buti za mtumba, gambuti, na siafu wa Bwindi

*Fundi viatu wetu wa Kasese anawajibu wasomaji wanaojiandaa kwa milima na misitu.*

Fundi, shikamoo. Mwezi wa saba mimi na wenzangu wa kazini tunapanda Rwenzori, nia yetu kufika kilele cha Margherita. Nimebahatika soko la Owino: buti za ngozi za mlimani, mtumba kwa jina tu, maana soli bado ina meno yake yote, haijakanyaga popote. Wenzangu wananicheka, wanasema ninunue gambuti. Mimi naona gambuti ni za zizini. Nani mwenye haki?
*Kijana wa Ntinda, Kampala*

Marahaba, kijana wangu. Wenzako wana haki, ila tuanze na hizo buti, maana ndizo zinazonitia wasiwasi.

Kiatu cha mlimani kina soli ya chini, ile ya mpira inayogusa ardhi, na juu yake kuna tabaka laini linalopokea kishindo. Hilo la kati viwanda vingi hulitengeneza kwa poliurethani, na poliurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi lake. Kwa hiyo kutovaliwa si kinga. Buti zako zilikaa kwenye kabati la mtu miaka mingapi kabla ya kufungwa kwenye robota? Owino hakuna wa kukujibu. Hapa kibandani watu huniletea buti za namna hiyo: juu ngozi inang'aa, chini tabaka la kati linamung'unyika kama keki iliyolala. Wenyewe huwa wamegundua wakiwa tayari njiani, wakarudi na soli imefungwa kwa kamba.

Zipime leo. Bonyeza ubavu wa lile tabaka kwa ukucha wa dole gumba. Likirudi, vizuri. Ukucha ukiacha shimo, au unga ukibaki kidoleni, basi limekwisha. Kisha jaribu kukunja kiatu pale vidole vinapokunjika, utazame kama kuna nyufa. Ukiziona, usikubali fundi akupakie gundi na kubandika, kwani gundi itashika kitu kilichooza. Alitoe tabaka lote, aweke jipya, abandike soli na kuishona pembeni. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, tafadhali, usimpelekee mtu jioni ya kuamkia safari.

Sasa gambuti. Sisi wa Kasese tumekua tukiziona miguuni mwa wachimbaji wa shaba wa Kilembe, kwa hiyo hatuzionei haya. Rwenzori ni mlima wa maji. Ukiingia kwa njia ya Nyakalengija, ukishapita kambi ya John Matte, iliyo kwenye mita 3,400 na ushee, unakutana na kinamasi cha Bigo. Kuna sehemu wametandika mbao. Pasipo mbao unaruka kutoka fungu moja la nyasi hadi jingine, na ukikosea, mguu unazama kwenye tope mpaka karibu na goti.

Muuza viatu atakuambia kiatu chake kina kitambaa kisichopitisha maji, Gore-Tex au jina jingine. Sikatai, kwa mvua na umande kitambaa hicho ni kizuri. Lakini kinga yake inaishia kwenye shingo ya kiatu. Maji yakiingia kwa juu, kitambaa kile kile kinayafungia ndani, na kwa baridi na ukungu wa kule juu usitegemee kiatu kukauka kabla hujashuka. Gambuti unaivua, unaimwaga, unaifuta kwa kitambaa, unaendelea na safari.

Chagua inayokaribia goti, yenye meno marefu chini. Nenda dukani na soksi nene utakazopandia, uvae, upande ngazi. Kisigino kikiinuka ndani kila hatua, utapata malengelenge siku ya kwanza: weka soli ya ndani ya ziada au shusha namba. Soksi nazo zipande juu kuliko mdomo wa gambuti, la sivyo ule ukingo wa mpira utakuchuna shavu la mguu. Na ujue gambuti huteleza kwenye mwamba wenye maji, kwa hiyo usione aibu kushika fimbo.

Usizitupe buti zako lakini. Kutoka kambi ya Elena, juu ya mita 4,500, unakwenda kwenye mwamba na barafu hadi Margherita, mita 5,109. Huko utafunga kramponi, yale meno ya chuma ya kukanyagia barafu, nazo hazitaki kiatu kinachokunjika. Kwenye gambuti zitalegea na kuchomoka. Kama buti zako zilipita mtihani wa ukucha na zikakataa kukunjika mikononi mwako, ndizo za siku hiyo. Mpaka hapo mpe mpagazi azibebe ndani ya mfuko mkavu.

Fundi, habari za kazi? Nampeleka binti yangu wa miaka 16 kuona sokwe wa msitu wa Bwindi. Raba zake za shule zinatosha? Naambiwa pia tuvae glavu, nikadhani ni mzaha.
*Mama wa Mbarara*

Nzuri, mama. Kwa umri ameshapita, kwani wanaruhusiwa kuanzia miaka 15. Raba ndizo zitakazomwangusha. Masokwe hawafuati njia, na mkishaiacha njia mnatembea juu ya majani na mizizi iliyosukana, kwenye mteremko, bila kuiona ardhi yenyewe. Mtafutie buti nyepesi zinazofunika kifundo cha mguu. Mjaribishe alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na pabaki upana wa dole gumba mbele ya vidole; vinginevyo kwenye kushuka kucha zitagonga kiatu hadi zigeuke nyeusi.

Glavu si mzaha. Upupu na miiba ni mingi, na mtu akiteleza hushika chochote kilicho karibu. Zile za kazi za bustani zinatosha. Suruali ziwe ndefu na nzito, mzichomeke ndani ya soksi, kwani siafu wakishaingia kwenye mguu wa suruali hakuna heshima tena, utaivua mbele ya wageni. Koti la mvua mbebe hata kukiwa na jua.

Na moja zaidi: mkipita mtumbani msivutiwe na suruali za mabakamabaka ya jeshi. Hapa Uganda raia akivaa hizo anajitafutia kesi.

Mzee, sisi wanachuo wa Mbale tunataka kulala mlima Elgon na kufika kilele chake, Wagagai. Jaketi la baridi hatuna hela nalo. Tufanyeje?

Wagagai ni mita 4,321, na usiku kule juu maji huweza kuganda. Lakini jaketi moja la bei mbaya silo dawa. Vaeni nguo tatu nyembamba badala ya moja nene, na ya juu kabisa izuie upepo na mvua. Fulana ya pamba iacheni Mbale: ikilowa jasho inakaa imelowa, mkisimama tu mnatetemeka. Tafuteni sweta za sufu mtumbani, sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu. Wauzaji huita kila kitu sufu, basi chomoeni uzi mmoja mwuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu la kusagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kitone kigumu, ni plastiki, rudisheni. Nguo za kulalia zifungwe kwenye kaveera nene, yaani mfuko wa plastiki, ndani ya begi, zisiguswe hadi kambini.

Fundi, buti zikilowa naziweka karibu na moto. Mke wangu anasema naziua.
*Msomaji wa Kabale*

Msikilize. Moto hukausha ngozi hadi ipasuke na gundi hadi iachie. Toa soli za ndani, legeza kamba, shindilia karatasi za gazeti, uziweke penye upepo, na ubadilishe karatasi kila zinapolowa. Kurasa za jarida hili zinang'aa, hazinyonyi maji. Tumia gazeti la Bukedde la jana.