Ukitafuta Vipeperushi vya Booth, Achana na Usiku wa Lincoln

Karibu kila anayeniuliza kuhusu vipeperushi vya tamthilia za kale anataka kile kimoja: cha Ford's Theatre, Washington, tarehe 14 Aprili 1865, usiku ambao John Wilkes Booth alimpiga risasi Rais Lincoln. Ushauri wangu ni kukiacha. Nakala za ukumbusho zilianza kuchapwa muda mfupi baada ya mauaji, kwa hiyo karatasi inaweza kuwa kuukuu kweli na bado isiwe imewahi kushikwa na mtazamaji wa usiku ule. Ukiwa hapa Kisumu, unatazama picha kwenye simu, utaamuaje? Isitoshe, Booth hakuwa miongoni mwa waigizaji wa usiku huo. Nyota alikuwa Laura Keene.

Mimi natafuta siku za kawaida, Booth akiwa mwigizaji tu anayeitafuta riziki. Tarehe 9 Novemba 1863, Lincoln alikaa katika ukumbi uleule akamtazama Booth akiigiza. Tarehe 25 Novemba 1864, ndugu watatu, Junius, Edwin na John, walipanda jukwaa moja New York katika Julius Caesar ya Shakespeare, na John akawa Mark Antony, si muuaji. Hizo ni za wenye mali, najua. Lakini alizunguka miji mingi, na maonyesho yake madogo ndiyo yanayonivuta: jina lake limo kati ya majina mengine, na hakuna aliyejua litakuja kumaanisha nini.

Jina lenyewe lichunguze sana. Baba yao, Junius Brutus Booth, alikuwa mwigizaji mashuhuri aliyefariki 1852. John alizaliwa 1838, basi "Mr. Booth" wa miaka ya 1840 si yeye. Edwin naye aliendelea kuigiza miaka mingi baada ya 1865. Na John alipoanza kazi alitumia jina J. B. Wilkes, wauzaji wengine hawalijui hilo, nawe unaweza kupata kitu kizuri bila kelele za mnada.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma, na nyingine iliyopigwa taa ikiwa pembeni. Herufi zilizopangwa kwa mkono na kugandamizwa mara nyingi huacha alama karatasini. Ukikuza picha ukaona maandishi yamejengwa kwa vidoto vidogo vidogo, hiyo ni nakala ya kisasa. Linganisha pia siku na tarehe: 14 Aprili 1865 ilikuwa Ijumaa. Ulizia ushuru wa forodha mapema.

Kikifika, adui ni unyevu wa ziwa. Usikipeleke kutiwa laminesheni, tafadhali, hata fundi akikuhakikishia. Ule moto na ile plastiki havitoki tena. Selotepu nayo huacha doa la kudumu. Tumia mfuko wa poliesta safi (ile plastiki angavu, si kitambaa) pamoja na kadi isiyo na asidi, ukilaze kwenye boksi ndani ya kabati, mbali na ukuta unaolowa masika. Likague boksi mara kwa mara kwa sababu ya ukungu na wadudu wanaokula karatasi. Ukutani tundika fotokopi ya rangi, maana jua linaloingia dirishani hufifisha wino na kuikausha karatasi.