Maswali na majibu: Uume hausimami miezi 5 baada ya kuondolewa tezi dume

SWALI: Daktari, nina miaka 61, naishi Tabata. Ni mwezi wa 5 sasa tangu nifanyiwe upasuaji wa kuondoa tezi dume kwa sababu ya saratani. PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, imerudi nzuri mara mbili, na mkojo hauvuji tena isipokuwa nikikohoa sana. Shida ni uume, hausimami kabisa. Daktari aliyenipasua alisema ameokoa mishipa ya fahamu ya upande mmoja. Nilinunua sildenafil, kidonge cha nguvu za kiume, ya miligramu 50 famasia moja Kariakoo, nikajaribu mara mbili, sikuona kitu. Natumia amlodipine ya presha. Rafiki ananishauri nichome sindano za testosteroni. Mke wangu naye anadhani simtaki tena. Je, mishipa imekufa? Kuna dawa kali zaidi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. PSA yako kuwa nzuri ndilo jambo kubwa kuliko yote, na hapo umevuka. Kuhusu uume, miezi 5 ni mapema mno kusema mishipa imekufa, na kidonge kilichojaribiwa mara mbili hakijashindwa bado. Ila kukaa tu ukingoja nako kuna hasara yake.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume ni myembamba sana, imeshikamana na tezi dume kulia na kushoto, kwa nyuma kidogo. Hata daktari akiiacha, ni lazima aibandue kwenye tezi. Kule kuvutwa, kubanwa, na joto la kifaa cha kuzuia damu huifanya izimie kwa muda mrefu. Wengi huanza kuona mabadiliko kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na nafuu huendelea hadi mwaka wa 2, kwa wengine hata zaidi. Aliyeokolewa upande mmoja ana matumaini, ila ni madogo kuliko ya aliyeokolewa pande zote mbili. Umri, presha, kisukari, sigara, na jinsi ulivyokuwa kabla ya upasuaji navyo vina uzito. Dalili ya kwanza huwa si kusimama kamili: uume hujaa kidogo alfajiri, au hunenepa ukiguswa bila kuwa mgumu. Ukiona hivyo, andika tarehe.

Sasa hasara ya kungoja. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usiku akiwa usingizini, bila yeye kujua, na kila mara damu yenye oksijeni hujaa ndani ya uume. Mishipa ikizimia, hilo linakoma. Tishu ikikaa miezi mingi bila damu hiyo, misuli laini ya ndani hugeuka kovu. Uume unapungua urefu, na hata mishipa ikija kuamka, damu huingia na kutoka papo hapo kwa sababu tishu haitanuki vya kutosha kuzibana vena, yaani mishipa inayotoa damu. Wapo wanaume ambao mishipa yao ilipona lakini tishu ilikuwa imeshaharibika. Ndiyo maana nakusihi uanze kufanya kitu sasa.

Tuanze na kidonge, maana naona kilitumika vibaya. Sildenafil haisimamishi uume yenyewe. Mishipa ya fahamu ndiyo inayotoa ishara ya kulegeza misuli ili damu iingie. Kazi ya kidonge ni kuizuia ishara hiyo isizimwe haraka. Ishara ikiwa ndogo, kama yako sasa, kidonge nacho kitafanya kidogo. Zaidi ya hapo, imeze tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya tendo. Ukila chipsi mayai au pilau ya nyama ndipo umeze, mafuta yataichelewesha hata kwa saa nzima na nguvu yake itapungua. Halafu unahitaji kuchezewa uume. Ukimeza na kulala chali ukitazama kama kitatokea kitu, hakitatokea. Jaribu mara 6 hadi 8, siku tofauti, kabla ya kutoa hukumu, na umwombe daktari wako ruhusa ya kupanda hadi miligramu 100, mara moja tu kwa siku. Tadalafil, kidonge kingine cha jamii hiyo hiyo, haijali chakula na hukaa mwilini hadi saa 36. Wengine huiona nyepesi zaidi kwa kuwa hawahitaji kupanga saa. Kuumwa kichwa, uso kuwaka moto, pua kuziba na kiungulia ni mambo ya kawaida. Usichanganye dawa hizi mbili.

Amlodipine haizuii vidonge hivi, ila presha inaweza kushuka kidogo zaidi, kwa hiyo inuka taratibu. Kinachozuia kabisa ni dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi na isosorbide. Mtu akizichanganya na vidonge hivi anaweza kufa. Maumivu ya kifua yakikupata, mwambie daktari wa zamu umemeza nini na lini, kwa maana naitreti haipaswi kutolewa ndani ya saa 24 baada ya sildenafil au saa 48 baada ya tadalafil. Anayetumia dawa za ARV zenye ritonavir naye asianze bila daktari wake: kiwango cha sildenafil kwake hakizidi miligramu 25 katika saa 48.

Niseme wazi pia kwamba tafiti hazijathibitisha kuwa kumeza kidonge kila siku huifanya mishipa ipone haraka. Kwa hiyo kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningekwambia ununue pampu ya kuvuta damu iingie kwenye uume. Pampu haihitaji mishipa ya fahamu hata kidogo.

Ni silinda ya plastiki inayounganishwa na pampu ya mkono au ya betri, pamoja na pete za mpira. Ulizia maduka ya vifaa tiba, na usinunue isiyo na valvu ya kupunguza mvuto. Zile zinazouzwa mtandaoni za "kuongeza maumbile" nyingi hazina valvu hiyo, nazo hupasua vimishipa vya damu. Punguza nywele za shinani, la sivyo hewa itapita. Paka kilainishi cha maji kwenye uume na kwenye mdomo wa silinda. Vaseline huharibu mpira. Bana silinda kwenye mwili, ukiisukuma kidogo juu ili isivute ngozi ya korodani, maana hilo huuma na ndilo linalowafanya wengi waitupe pampu siku ya kwanza. Vuta mara 2 au 3, tulia sekunde chache, vuta tena. Ukiona vidoti vyekundu kwenye ngozi, umevuta haraka mno. Ukisikia maumivu, fungua valvu.

Kwa mazoezi hutumii pete: vuta, shikilia dakika 1 hadi 2, achia, rudia, jumla dakika 10 kwa siku. Kwa tendo, ukishajaa telezesha pete hadi shinani kisha utoe silinda. Pete isizidi dakika 30, na usilale nayo. Uume utakuwa wa baridi kidogo, rangi ya bluu kwa mbali, na shina litayumba kwa sababu damu iko mbele ya pete tu. Uongoze kwa mkono. Ukiwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au una seli mundu, zungumza na daktari kwanza.

Pampu na kidonge vikishindwa, ipo sindano ya alprostadil inayochomwa ubavuni mwa uume. Nayo haitegemei mishipa ya fahamu, na ndiyo "dawa kali zaidi" unayoiulizia. Dozi ya kwanza, kwa kawaida mikrogramu 2.5 au chini, huchomwa kliniki mbele ya daktari, kisha hupandishwa polepole. Huchomwi juu, kwenye mishipa ya damu na fahamu, wala chini, kwenye njia ya mkojo. Unakandamiza dakika 5, unabadilisha upande kila mara, na huzidishi mara 3 kwa wiki wala mara 1 ndani ya saa 24. Baadhi ya waliopasuliwa tezi dume husikia uume ukiuma kwa ndani. Mwambie daktari, dozi hubadilishwa. Fuata maelekezo ya kuihifadhi, kwa joto la Dar es Salaam dawa huharibika upesi ikiachwa nje. Uume ukisimama kwa muda wa saa 4 mfululizo bila kulegea, nenda idara ya dharura hata kama ni usiku wa manane. Usione haya, usingoje asubuhi.

Testosteroni, hapana. Upasuaji huu haugusi korodani, kwa hiyo homoni yako haikupungua kwa sababu yake, na kujichoma mwenyewe kunaweza kuchochea seli za saratani kama zipo zilizobaki. Vumbi la Kongo na mchanganyiko mwingine wa mtaani uache pia: unga wa aina hiyo unaweza kuwa umechanganywa na sildenafil ya dozi isiyojulikana, na wewe una presha.

Kuhusu mama. Hisia za ngozi ya uume hupita kwenye mishipa mingine ambayo haikuguswa, kwa hiyo unaweza kufika kileleni hata uume ukiwa umelala. Hakutatoka shahawa, kwa sababu tezi zinazozitengeneza zimeondolewa. Ni hivyo moja kwa moja, na mimba kwa njia ya kawaida haiwezekani tena. Mkojo kidogo unaweza kutoka wakati huo: nenda haja kabla, punguza chai na maji saa 2 kabla, vaa kondomu ukipenda, na endelea kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza kuzuia mkojo, mara 10 asubuhi, mchana na jioni. Mwambie mkeo haya yote wewe mwenyewe, pamoja na kwamba saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Usipomweleza atatafuta maelezo yake, na kama unavyoona, ameshaanza.

Kliniki ijayo nenda naye. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye ripoti ni upande gani uliookolewa na kama kuna mpango wa mionzi au sindano za kushusha homoni, maana zikianza, hamu nayo hupungua na vidonge havitafua dafu. Beba orodha ya dawa zako zote na tarehe ulizojaribu kidonge, saa uliyomeza na ulichokula. Ikifika mwezi wa 18 hadi 24 bila mafanikio kwa njia hizi, ndipo muulize kuhusu kipandikizi cha ndani ya uume. Kipandikizi hakirudishwi nyuma, hivyo hakiwekwi mishipa ikiwa bado ina muda wa kupona.