Jibu: Zumwalt ni kubwa kuliko Ticonderoga, mbona inaitwa destroya?

Habari mkuu. Unauliza kuhusu meli za kivita za Marekani: kwa nini Zumwalt, tani zaidi ya 15,000, ni destroya, na Ticonderoga isiyofika 10,000 ni kruza, aina ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko destroya. Weka tani pembeni. Mimi huanza na herufi za aina ya meli, zinazotangulia namba yake: DDG ni destroya ya makombora, CG ni kruza ya makombora. Herufi hizo hupangwa na jeshi la majini lenyewe, na hubadilishwa. Ticonderoga iliagizwa kama DDG-47, kwa umbo lilelile la destroya za Spruance. Mwaka 1980 ikageuzwa CG-47, namba haikuguswa! Kilichoipa hadhi ya kruza ni Aegis, mfumo wa rada na makombora, na kazi ya kuongoza ulinzi wa anga wa msafara. Na usilinganishe nchi kwa nchi: Izumo ya Japani, mita 248, sitaha bapa ya helikopta, iliingia kazini 2015 kama DDH-183, yaani destroya ya helikopta.