Besi inalegea nikifungulia sauti, niongeze kapasita?

Swali: Mambo fundi. Amplifaya yangu ni wati 100 kila upande kwa omu 8, juzi nikafunga spika za omu 4, sasa nikifungulia sauti besi inalegea kabisa. Ndani kuna kapasita mbili za mikrofaradi 10,000, moja kila reli (njia ya umeme wa DC unaolisha amplifaya), na reli ni volti 55 chanya na hasi. Jamaa anasema niweke 40,000 kila reli. Ni kweli itatulia?

Jibu: Poa kaka, ila usiende dukani kwanza. Kapasita inatunza tu umeme aliouleta transfoma, kwaiyo kama transfoma ndo mdogo hapo umenunua simtanki kubwa wakati bomba la mtaani linatoa maji kama uzi.

Spika za omu 4 zinavuta ampea mara mbili ya zile za 8 kwa volti zile zile. Ndo maana mashine za bei mbaya kama Krell KSA-50, ambayo ni wati 50 kwa omu 8 na 100 kwa omu 4, ukiibeba unatafuta msaidizi, uzito wenyewe mwingi ni transfoma na hitisinki (mabati ya kupoza).

Sasa chukua mita. Piga toni ya hezi 60 sekunde chache tu (usiunguze koili za spika), sauti iwe karibu na pale inapoanza kukwaruza, upime reli kwenye DC (volti yenyewe) alafu kwenye AC (mtikisiko wa hiyo volti). Kwenye AC usitumie zile mita za njano za bei chee, nyingi zinachanganya DC humo humo zinakudanganya. Tuseme pande zote mbili zinavuta wastani wa ampea 6 kwenye reli. Umeme wetu wa hezi 50 ukipita kwenye bridji (daodi zinazogeuza AC kuwa DC) unajaza kapasita mara 100 kwa sekunde, kwaiyo 10,000 yako inashuka kama volti 6 kabla haijajazwa tena, mita itakusomea kama 1.7 hivi. Ukiweka 40,000 inashuka 1.5 tu. Hapo jamaa yako yuko sahihi. Lakini kama AC ni ndogo na DC imetoka 55 ikaanguka huko 45, kapasita hazina kosa, ni transfoma au ni ukuta.

Ukuta nausema manake ulishaniumbua. Kuna mteja nilimwekea kapasita mpya, akalipa, wiki haijaisha karudi na ugonjwa ule ule. Nikaenda kwake jioni, kwenye soketi nakuta volti 204, ekstensheni nyembamba imebeba friji na amplifaya! Reli ya 55 hapo inabaki 49, na wati zinapungua kama moja ya tano. Hela yake nilirudisha nusu.

Ukikuta kweli ni kapasita, chukua za volti 80, zile za 63 umeme ukipanda usiku zinakuwa pembeni mno. Weka na sofstati, yaani rizista na rilei upande wa 230, la sivyo kila ukiwasha bridji na fyuzi vinapigwa shoti ya kujaza. Na kabla hujagusa ndani, 40,000 kwa volti 55 ni jouli 60, usiumalizie huo umeme na bisibisi, weka rizista ya omu 100 wati 10 nusu dakika kila reli, alafu upime tena.

Nitumie namba tatu: DC, AC, na soketi wakati inapiga.