Kuhusu van ya kilo 3,300 au 3,500 ya kugeuza nyumba ya safari: angalia ekseli ya nyuma (mhimili wa magurudumu) kwanza

Mkuu umeuliza uchukue van ya Fiat Ducato ya kilo 3,300 (uzito wa mwisho ikijaa) kwa kuwa bei imepoa au usubiri ya 3,500, na leseni yako ni daraja B ya hapa Uingereza kama yangu. Subiri ya 3,500. Sisi tuliopata leseni kuanzia 1997 hatuvuki hapo kwa gari ya dizeli, wale wa kabla wana daraja C1 la magari makubwa mpaka kilo 7,500 so usijilinganishe nao.

Ukienda kuiona tafuta kibati chake cha uzito, kipo kwenye boneti au pembeni ya mlango. Mstari wa kwanza ni uzito wote gari ikiwa imejaa, wa pili gari na trela, afu 1 ni ekseli ya mbele na 2 ya nyuma. Yangu ni 3500, mbele 1850, nyuma 2000. Ukijumlisha ekseli unapata 3,850 ila hiyo haikupi ruhusa ya kuzidisha, mwisho ni 3,500 tu, ile ziada ni kwa ajili ya mzigo kuegemea mbele au nyuma.

Mimi yangu ikiwa tupu, dizeli full na mimi ndani, ilisoma 2,040. Nikaona kilo 1,460 zimebaki, nyingi mno, nikajenga kwa plaiwudi ya milimita 18. Shiti moja la futi 8 kwa 4 ni kama kilo 36, nikatumia tisa, la milimita 12 lingekuwa kilo 24 na kitanda kingesimama vilevile. Tenki la maji lita 100 nikaliweka nyuma kabisa chini ya kitanda, na betri mbili za asidi hapohapo.

Tumepakia familia tukapita mizani, jumla 3,380, nikashukuru Mungu, kuja kupima ekseli ya nyuma peke yake 2,080! Hapo ni kosa barabarani hata kama jumla iko sawa, na tairi za nyuma ndo zinabeba hiyo shida mkiwa motorway na watoto ndani. Ni kama mkokoteni, ukiulalia nyuma mikono inanyanyuka, kwa hiyo kilo 100 zikikaa nyuma ya ekseli zinaikandamiza zaidi ya kilo 100.

Nikahamisha tenki nyuma ya viti vya mbele, badala ya betri mbili za kilo 28 kila moja nikaweka ya lithiamu moja ya kilo 12, nyuma ikashuka 1,940. Kuna watu watakwambia funga springi za upepo, zinanyanyua gari kweli ila namba ya kibati haibadiliki.

Mizani mwombe jamaa akupimie mara tatu, gari zima, mbele peke yake, nyuma peke yake, maji yakiwa yamejaa na watoto wamekaa kwenye viti vyao.